Nyumba kuukuu haifufuliwi kwa rangi: Mwongozo wa ukarabati kwa gharama nafuu Chepilat na viungani

OKTOBA ni mwezi wa bonasi kwa wakulima wanaopeleka majani chai katika viwanda vinavyosimamiwa na shirika la KTDA. Kwa jamaa nyingi za Sotik, Borabu na kwingineko katika nyanda za chai, huo ndio wakati wa pekee katika mwaka ambapo fedha za kutosha kununua mabati hupatikana kwa mkupuo mmoja.

Ni wakati huo pia ambapo makosa makubwa hutendeka. Paa la zamani hung'olewa kwa siku moja, fundi hupewa nusu ya ujira kabla ya kupigilia msumari hata mmoja, saruji hurundikwa sebuleni, na kufikia Januari, karo ya shule inapodaiwa, nyumba ingali wazi na mfuko umetoboka.

Makala haya yanahusu nyumba kuukuu: ile iliyojengwa na baba au babu, ile iliyonunuliwa pamoja na shamba, au ile iliyohamwa kwa miaka kadhaa ikaachiwa popo na mchwa. Yamkini mwenyewe ameshauriwa aibomoe ajenge upya. Ushauri huo huwa wa haki mara chache kuliko unavyotolewa, kwani msingi na kuta hugharimu fedha nyingi, na iwapo vingali imara, kuvibomoa ni kutupa mali.

Chepilat lenyewe ni soko lililo kando ya barabara ya kutoka Kisii kuelekea Sotik na Kaplong, mpakani mwa kaunti za Nyamira na Bomet. Upande mmoja ni Borabu, ambako mashamba yaliyokuwa ya walowezi yaligawiwa wakulima Waafrika katika miaka ya 1960. Upande wa pili ni Sotik. Kwa hivyo majengo ya eneo hili ni ya kila namna: nyumba za udongo zenye paa la mabati, nyumba za matofali ya kuchoma, za mbao, na za mawe ya kuchonga.

Kuna jambo moja la historia ambalo mnunuzi wa jengo la zamani hapa hana budi kuliuliza. Mapema 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, nyumba na maduka yaliteketezwa katika eneo hili la mpaka. Ukuta uliopitiwa na moto unaweza kupakwa lipu mpya ukapendeza macho, ilhali ndani yake umedhoofika.

Dalili zake hazijifichi kwa anayejua kutazama. Zege iliyopata joto la nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi aghalabu hugeuka rangi ikawa na uwaridi, na hapo huwa imeanza kupoteza nguvu. Udongo wa saruji ulio kati ya matofali ukikwaruzwa kwa msumari ukatoka kama unga, hiyo ni ishara mbaya. Gongagonga kwa nyundo ndogo; penye sauti ya mtungi mtupu, lipu imeachana na ukuta. Matofali ya kuchoma hustahimili moto kuliko ya saruji kwa sababu yalizaliwa motoni, lakini boriti za zege zilizo juu ya milango na madirisha ndizo za kuchunguzwa kwanza. Usiulize jirani mmoja tu kuhusu historia ya jengo; uliza wawili, na mmoja awe mzee.

Kagua mvua ikinyesha

Mwenye nyumba anayetaka kuokoa fedha aanze kwa kutotumia fedha. Aichunguze nyumba yake kwa majuma kadhaa kabla ya kumwita fundi, na siku iliyo bora kuliko zote ya ukaguzi ni siku ya mvua kubwa. Siku hiyo ndipo paa husema ukweli. Maji yataonyesha yanapoingilia, yanapotuama, na iwapo yanarudi kuelekea ukutani badala ya kuukimbia.

Adui mkuu wa nyumba katika nyanda hizi ni maji. Rangi inayobanduka kutoka sakafuni hadi kimo cha goti huashiria kwamba unyevu unapanda kutoka ardhini. Rangi inayobanduka karibu na dari huashiria paa linalovuja. Ukipaka rangi mpya juu ya lolote kati ya hayo mawili, umenunua miezi michache tu ya kujidanganya.

Mwandishi wa makala haya anayajua hayo kwa gharama yake mwenyewe. Aliwahi kupaka rangi vyumba vitatu kabla ya kubadilisha kofia ya paa, kwa kuwa wageni walikuwa wakitarajiwa. Wageni walikuja na kwenda zao, mvua za Aprili zikafuata, na kufikia Juni kuta zilikuwa na ramani za kahawia mithili ya atlasi. Rangi ilinunuliwa mara mbili. Kofia ya paa ilinunuliwa mara moja.

Mpangilio wa kazi, kwa hivyo, si jambo la hiari. Paa hutangulia, kisha njia za maji kuzunguka nyumba, kisha msingi na nyufa, nyaya za umeme na mabomba, lipu, sakafu, na rangi huja mwisho kabisa. Anayeuvuruga mpangilio huu atabomoa alichokilipia. Fundi wa umeme akija baada ya rangi, lazima atachimba mifereji ukutani, na ukuta huo utahitaji lipu na rangi tena.

Nyufa nazo zina lugha yake. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu si wa kutisha. Ufa unaokwenda mshazari kutoka kwenye pembe ya dirisha, ambao ncha ya kidole yaweza kuingia, ni wa kutiliwa maanani. Kabla ya kulipa yeyote, chukua kalamu ya risasi, weka alama mahali ufa unapokomea kila upande, andika tarehe, kisha subiri msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi. Ufa usiosonga hujazwa na mambo yakaisha. Ufa unaozidi alama ni msingi unaotembea, na hapo mhandisi ndiye wa kuitwa. Chunguza pia iwapo kuna mkaratusi karibu na ukuta. Mti huo hunywa maji mengi, na penye udongo mweusi wa mfinyanzi ardhi hunywea na kuvimba, nyumba ikiyumba nayo.

Paa na mvua ya mawe

Nyanda za chai za Kericho na viunga vyake ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno. Mkulima wa chai anaijua hasara yake shambani. Aidha, anapaswa kuikumbuka anaponunua mabati.

Mabati huuzwa kwa geji, na hesabu yake inawakanganya wengi: kadiri nambari inavyopanda, ndivyo bati linavyozidi kuwa jembamba. Geji 28 ina unene wa takriban milimita 0.4 na geji 30 takriban milimita 0.3, ilhali geji 32 ni nyembamba zaidi. Geji 32 huvutia kwa bei, na yafaa kwa banda la kuku au stoo ya kuni. Kwa nyumba ya kulala watu, tofauti ya bei kati yake na geji 30 au 28 hujilipa yenyewe, kwa sababu gharama ya mbao, misumari na ujira wa fundi haibadiliki hata kidogo. Kuezeka mara mbili ndiko ghali. Hakikisha bati lina alama ya ubora ya shirika la KEBS na unene uliochapishwa juu yake, si ulioandikwa na muuzaji kwa kalamu.

Piga hesabu mwenyewe kabla ya kumsikiliza fundi. Tuchukue nyumba ya mita 9 kwa 7. Ukiongeza ukingo wa paa wa sentimita 60 kila upande, unapata mita 10.2 kwa 8.2, yaani takriban mita 84 za mraba kwa kipimo cha chini. Paa likiwa na mwinamo wa nyuzi 30, eneo huongezeka kwa asilimia 15 hivi na kufikia takriban mita 97 za mraba. Bati la mita 3 ambalo baada ya kupandiana hufunika mita 2.1 za mraba litahitajika mara 46, na ukiongeza sehemu moja kwa kumi ya kukatakata, jumla ni kama 51. Fundi anayetaja 65 ana lake jambo, au paa analofikiria lina pembe nyingi kuliko unazozihitaji. Paa la miteremko miwili halipotezi mabati mengi kama lile la miteremko minne, kwa kuwa katika hilo la pili kila bati la pembeni hukatwa mshazari na kipande kikatupwa.

Hata hivyo, si kila paa linalovuja linahitaji kung'olewa. Mabati mengi ya zamani yalikuwa mazito kuliko yanayouzwa leo. Kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya, ikapakwa rangi ya kuzuia kutu, na bati likaishi miaka mingine mingi. Mara nyingi kinachovuja ni tundu la msumari uliolegea au kofia ya paa iliyopasuka. Badilisha misumari kwa ile yenye kofia na mpira chini yake, na uipigilie juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita. Yale mabati yasiyofaa tena juu ya sebule yafaa juu ya jiko au zizi.

Kuhusu mbao, Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, bei zake zilipanda. Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa marufuku hiyo Julai 2023, lakini mbao hazijarudi kuwa kitu cha bei rahisi. Mwenye mikaratusi au misanduku shambani ana hazina. Apasue mbao mapema, azipange kivulini zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite, na aziache zikauke kwa miezi kadhaa. Mbao mbichi zikipigiliwa juu ya kuta hujipinda zikikauka, na mabati hufuata upindo huo. Kabla ya kukata na kusafirisha, aulize afisa wa misitu kuhusu kibali, maana faini barabarani hula akiba yote.

Paa likisharekebishwa, usiwe mchoyo wa gata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yetu ya mfano yenye eneo la mita 84 za mraba, ikipata mvua ya milimita 20 kwa alasiri moja, hukusanya karibu lita 1,700. Bila gata, maji yote hayo hupiga chini ya ukuta na kuchimba msingi. Yakiwa na gata na tangi, ni maji ya kuchanganyia saruji bila malipo na ya kunyweshea ng'ombe baadaye.

Palipo na ardhi iliyorundikana kuizidi sakafu kwa kimo, ichimbwe na kuondolewa. Mtaro wa kina kifupi unaoteremka kutoka nyumbani, pamoja na ukanda wa zege wa upana wa nusu mita kuzunguka kuta, huponya unyevu mwingi kuliko dawa zinazouzwa kwa makopo. Kazi hiyo ya jembe na sepetu haihitaji fundi. Inahitaji vijana wa nyumbani wakati wa likizo ya Desemba.

Saruji hupotelea wapi

Wengi hulalamikia bei ya mfuko wa saruji, lakini wachache huuliza mifuko hupotelea wapi. Jibu mara nyingi ni ukutani.

Tuseme ukuta una urefu wa mita 4 na kimo cha mita 3, yaani mita 12 za mraba. Lipu ya unene wa milimita 15, kwa mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji kwa nne za mchanga, itakula takriban mfuko mmoja na theluthi. Ukuta huohuo ukiwa umepindapinda, fundi atalazimika kuunyosha kwa lipu ya milimita 30, na saruji itakuwa maradufu. Kwa kuta nane, hiyo ni tofauti kati ya mifuko 11 na 22. Hivyo basi, chonga kwanza matofali yaliyochomoza na ujaze mabonde kwa vipande vya vigae na udongo wa saruji hafifu kabla ya kupaka lipu. Aidha jiulize iwapo kila ukuta unahitaji lipu. Matofali ya kuchoma yaliyopangwa vyema hupendeza yakisafishwa na kuzibwa viungo tu, na upande wa nje chini ya ukingo mpana wa paa hudumu miaka na mikaka.

Si kila kazi inahitaji saruji ya nguvu ya juu. Ile ya daraja la 32.5 inatosha kwa kupangia matofali na kupaka lipu, na huwa nafuu kuliko ya 42.5, ambayo ndiyo ya nguzo na sakafu za juu. Usinunue mifuko yote siku moja kwa kuhofia bei kupanda. Saruji ikikaa miezi mitatu katika hewa yenye unyevu kama ya Chepilat hupungua nguvu, na iliyoganda mabonge si ya kupondwa na kutumiwa. Iweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Uokoaji ulio rahisi kuliko wote haugharimu chochote ila subira: kumwagilia maji. Zege na lipu huhitaji kulowa kwa siku 7 angalau ili zikomae. Zikiachwa zikauke kwa jua siku ya pili, hupasuka na kuwa za unga, na fundi hulaumu saruji. Mtoto mwenye ndoo asubuhi na jioni anaweza kuokoa kazi ya maelfu ya pesa.

Nyumba za udongo zastahili neno lake, maana watu huzidharau bure. Fito na nguzo zilizooza chini karibu na ardhi hubadilishwa moja baada ya nyingine bila kubomoa ukuta mzima, na chini yake hujengwa ngazi ya mawe ili mvua inayoruka isifike udongoni. Kosa lililoenea ni kupaka lipu nzito ya saruji moja kwa moja juu ya udongo. Saruji ni ngumu na udongo hutanuka na kunywea. Unyevu hukwama katikati, na baada ya misimu michache lipu hubanduka kama ganda la yai. Ikiwa ni lazima, tandaza kwanza waya wa kuku na kuupigilia kwenye nguzo. Lililo bora zaidi ni lipu ya udongo uliotiwa chokaa, ambayo hupumua pamoja na ukuta.

Mchanga na kokoto huuzwa kwa lori, na lori si kipimo. Tripu moja ya gari hili si sawa na ya gari lile. Pima urefu, upana na kina cha mzigo kwa futi kamba kabla haujamwagwa, na ufikiche mchanga mkononi. Ukiacha udongo mwingi kiganjani, ukatae. Majirani wawili wanaokarabati msimu mmoja waagize pamoja, kwani gharama ya usafiri huzidi ya bidhaa yenyewe pale barabara ya shambani inapokuwa tope.

Milango, madirisha na vyuma vilivyotumika hupatikana penye majengo yanayobomolewa. Mlango wa mbao ngumu wa zamani uliorandwa upya hushinda mpya wa mbao laini. Lakini pima pengo la ukuta kwanza. Kuna watu wenye madirisha mazuri ya bei ya kutupa yaliyoegemea ukutani kwa miaka, yakisubiri ukuta utakaoyatosha.

Fundi na mkataba

Fundi anayelipwa kwa kutwa hana sababu ya kuharakisha, na anayelipwa kwa kazi nzima hana sababu ya kukawia hata pale anapopaswa. Lipu, sakafu na uezekaji zinaweza kupimwa, kwa hivyo zilipwe kwa mapatano ya kazi nzima. Kufukua msingi au kuondoa mbao zilizooza ni kazi ambayo hakuna ajuaye ukubwa wake mpaka ifunuliwe. Hiyo ilipwe kwa siku, mwenye nyumba akiwapo.

Mapatano yaandikwe, hata kama fundi ni mwana wa shangazi. Karatasi moja yatosha: kazi gani, unene gani, nani ananunua nini, na malipo yanatolewa hatua ipi ikikamilika. Zuia sehemu moja kwa kumi ya ujira hadi mvua kubwa ya kwanza ipite juu ya paa jipya. Fundi mwaminifu hatachukia, na anayechukia amekuonya mapema. Bahati ya Chepilat ni kwamba mafundi hutoka pande zote mbili za mpaka. Linganisha bei za watatu, na umwombe kila mmoja akuonyeshe kazi aliyoifanya miaka mitano iliyopita, si ya mwezi jana.

Kuna sehemu ambazo ubahili ni hatari. Nyaya za umeme za zamani zilizoliwa na panya zisiunganishwe kwa gundi ya utepe. Fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), nyaya za soketi ziwe za milimita 2.5 za mraba na za taa 1.5. Paa la asbesto, ambalo lingalipo katika baadhi ya majengo ya zamani, lisivunjwe, lisikatwe kwa msumeno wala kuhamishiwa zizini. Vumbi lake husababisha saratani, na kanuni za taka za 2006 zaliweka miongoni mwa taka hatari. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

La tatu ni tamaa ya kuongeza ghorofa juu ya duka kuukuu kwa kuwa soko limechangamka. Msingi uliochimbwa kubeba bati hauwezi kubeba zege. Jengo lililoporomoka mtaani Huruma, Nairobi, usiku wa Aprili 29, 2016 liliua watu takriban 50. Anayetaka ghorofa alipie mhandisi kwanza, na akiambiwa hapana, ashukuru.

Bonasi si mshahara

Bonasi haiahidiwi mtu. Oktoba 2025 wakulima wengi wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamikia malipo yaliyoshuka ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Aliyekuwa amechukua mabati kwa mkopo akitegemea bonasi ya mwaka jana irudi, alijikuta na paa zuri na deni linalokatwa katika majani ya kila mwezi.

Ni salama zaidi kupanga kwa fedha zilizo mkononi. Tuseme familia imepata Sh120,000. Itenge kwanza karo ya Januari, tuseme Sh40,000. Katika Sh80,000 zinazobaki, iweke kando Sh8,000 kwa mambo yasiyotarajiwa, kwa maana nyumba kuukuu haikosi siri chini ya sakafu. Sh72,000 ndizo za ukarabati, na zikitosha nusu ya paa tu, basi zinunue mbao za kukaushwa na gata mwaka huu, na mabati mwaka ujao. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye mvua chache katika eneo hili, na ndiyo ya kufungua paa. Usilifungue Machi, hata fundi akiapa kwamba atamaliza kwa siku tatu.

Akina mama wa Kenya walilijua hili zamani. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vilivyojulikana kama vya mabati vilichanga fedha na kuezeka nyumba za wanachama kwa zamu, nyasi zikiondolewa na bati kuwekwa. Chama cha leo chaweza kufanya vivyo hivyo kwa tangi la maji au sakafu, na kununua kwa jumla hupunguza bei.

Jambo la mwisho la kukaguliwa kabla ya kutoa shilingi ya kwanza ni karatasi. Nyumba nyingi zinazokarabatiwa zingali katika ardhi iliyoandikishwa kwa jina la babu aliyefariki. Mila za jamii za pande zote mbili za mpaka humpa kitinda mimba nyumba ya mama, lakini cheti cha ardhi hakisomi mila, na ndugu waliotawanyika hurudi nyumba ikishapendeza. Kesi ya urithi ifunguliwe, au ndugu wakubaliane kwa maandishi mbele ya wazee, kabla ya saruji kufika.

Kwa anayepanua nyumba, kubadilisha sura yake au kugeuza makazi kuwa duka, idhini hutolewa na serikali ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2019. Kwa mkazi wa Chepilat, hatua ya kwanza ni kutazama nambari ya shamba katika hati yake, kwani upande mmoja wa soko maombi hupelekwa kwa kaunti ya Bomet na upande wa pili kwa kaunti ya Nyamira, na ada iliyolipwa kwa kaunti isiyo yake haitamfaa kitu.